Nani mwenye jumuiya ya vijana ndani ya chama? Tuutazame Umoja wa Vijana wa ANC

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Kila uchaguzi wa ndani ya vyama unapokaribia, mazungumzo yetu kuhusu jumuiya za vijana hugeuka kuwa ya majina: fulani kakatwa, fulani kapandikizwa, safu ya fulani imepita yote. Leo naomba tuyaweke majina hayo kando tuitazame Afrika Kusini, kwa sababu kule mgogoro wa vijana ulifika mwisho ambao huku kwetu huzimwa njiani. Jumuiya nzima ilivunjwa, rais wake akafukuzwa na kwenda kuanzisha chama, na chama mama kikakaa miaka mingi bila vijana waliochaguliwa. Hoja yangu ni kwamba ugomvi mwingi tunaouita wa vijana si wa vijana. Ni ugomvi wa wakubwa wanaowania kiti kimoja, nao huja kuupigania kwenye uwanja wa vijana kwa kuwa huko kuna wajumbe wenye kura, kuna watu wa kuimba na kusukumana, na ni watu wanaoweza kuachwa njiani bila mzee yeyote kupoteza usingizi.

Nianze mbali kidogo. Umoja wa Vijana wa ANC ulianzishwa Johannesburg mwaka 1944, na rais wake wa kwanza alikuwa Anton Lembede, mwanasheria aliyefariki mwaka 1947 akiwa na umri wa miaka 33 tu. Humo walikuwamo Walter Sisulu, Oliver Tambo na Nelson Mandela, ambao waliona wazee wao wamezoea mno kuandika maombi na kutuma ujumbe serikalini. Desemba 1949, katika mkutano wa Bloemfontein, vijana hao walipitisha mpango wa migomo, ususiaji na ukaidi wa sheria. Rais wa chama, Dk. Alfred Xuma, alikataa kuwa chini ya masharti yao, wakamwondoa na kumweka Dk. James Moroka, huku Sisulu akichukua ukatibu mkuu. Tangu siku hiyo jumuiya hiyo ikabeba sifa ya kutengeneza marais, sifa ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyokuja kuiponza. Miaka 10 baadaye, mwaka 1959, waliojiita Waafrikanisti, wengi wao wakiwa wametoka katika jumuiya hiyo hiyo, walijitenga na kuunda chama cha PAC chini ya Robert Sobukwe. Kwa hiyo kijana kutoka ANC na kwenda kufungua chama chake halikuanza na Julius Malema, yule rais wa vijana aliyefukuzwa niliyemdokeza mwanzoni.

Kuna tukio jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1969 Chris Hani, mpiganaji wa ANC akiwa na miaka 26, pamoja na wenzake sita, waliandika waraka mkali dhidi ya uongozi wa ANC uhamishoni, wakilalamika kwamba wakubwa wamekolea safari na ofisi huku wapiganaji wakisahaulika kambini. Walifukuzwa. Hata hivyo malalamiko yao hayakufukuzwa pamoja nao, kwa kuwa kati ya Aprili na Mei mwaka huo chama kiliitisha mkutano Morogoro, Tambo akauweka uongozi wake mezani, wajumbe wakamthibitisha upya, na baadaye Hani na wenzake wakarejeshwa. (Wengi huuchanganya mkutano huo na Mazimbu. Shule ya ANC ya Mazimbu ilikuja karibu miaka 10 baadaye, na leo pale ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Anayepita Morogoro aende ayaone makaburi ya wakimbizi wa Afrika Kusini. Baadhi yao walikuja Tanzania wakiwa watoto wa shule na hawakurudi tena kwao.)

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Jumuiya ilifufuliwa baada ya ANC kuondolewa marufuku mwaka 1990, na kiongozi wake wa mwanzo alikuwa Peter Mokaba. Baadaye wakapita Malusi Gigaba na Fikile Mbalula, na ilipofika Desemba 2007, kwenye mkutano mkuu wa chama pale Polokwane, vijana walikuwa mstari wa mbele kumwondoa Thabo Mbeki na kumpandisha Jacob Zuma. Aprili 2008 wakakutana Bloemfontein kumchagua mrithi wa Mbalula, na mkutano ule haukuwa na sura ya kikao. Siku zilipotea wakibishana ni nani mjumbe halali na nani si halali, baadhi ya wajumbe wakavua suruali na kuwaonyesha wenzao makalio mbele ya kamera, na Malema alipotangazwa kumshinda Saki Mofokeng kwa tofauti ndogo, mkutano uliahirishwa kabla ajenda hazijaisha, ukaja kumaliziwa Juni huko Nasrec, Johannesburg. Juni hiyo hiyo Malema alisimama jukwaani na kusema kwamba wako tayari kuua kwa ajili ya Zuma. Tume ya Haki za Binadamu ndiyo iliyomfuatilia mpaka akaahidi kutolitumia tena neno hilo. Kamati ya nidhamu ya chama haikumwita.

Ikumbukwe pia kwamba Malema alipokuwa na rungu mkononi hakulilaza chini. Mwaka 2010 mwenyekiti wa vijana wa jimbo la Limpopo, Lehlogonolo Masoga, aliyekuwa kambi tofauti na yake, alifukuzwa katika jumuiya. Nalitaja hili mapema ili nisije nikaonekana ninamtetea mtu.

Upepo ukageuka. Mei 2010 Malema alipigwa faini ya randi 10,000 na kuagizwa ahudhurie mafunzo ya kudhibiti hasira, na miongoni mwa makosa yake ni kumlinganisha Zuma na Mbeki kwa namna iliyomshusha Zuma. Juni 2011 alichaguliwa tena bila mpinzani, na kufikia hapo alikwisha kuwa msemaji mkubwa wa kutaifisha migodi na mkosoaji wa wazi wa rais aliyemsimika. Jumuiya yake ilipotangaza kwamba itasaidia kuiondoa serikali ya Botswana, mashitaka ya nidhamu yakaja. Agosti 30, 2011, siku ya kusikilizwa, wafuasi wake walirusha chupa na kuchoma fulana zenye sura ya Zuma mitaani karibu na makao makuu ya chama, Luthuli House. Novemba 10 akasimamishwa miaka 5. Februari 29, 2012 adhabu ikapanda na kuwa kufukuzwa. Aprili 24 rufaa yake ya mwisho ikatupwa. Msemaji wake Floyd Shivambu alisimamishwa miaka 3, na katibu mkuu Sindiso Magaqa mwaka 1.

Hapo ndipo watu wengi huishia kusimulia, ilhali yaliyofuata ndiyo yanayonisumbua zaidi. Makamu wake, Ronald Lamola, ndiye aliyebaki na usukani. Desemba 2012, katika uchaguzi wa rais wa chama, Zuma alimshinda Kgalema Motlanthe, mtu ambaye uongozi wa vijana ulikuwa umemuunga mkono, na Machi 2013 halmashauri kuu ya chama ikauvunja uongozi wote wa taifa wa vijana, ikateua kikosi kazi cha kuiendesha jumuiya. Novemba 2014 vijana waliitwa Soweto wakidhani wanakwenda kuchagua, wakaambiwa mkutano umekuwa wa kushauriana tu. Uchaguzi ulifanyika Septemba 2015, na Collen Maine akapita bila mpinzani. Mwaka 2019 uongozi ukavunjwa tena na kikosi kazi kingine kikateuliwa, ambacho baadhi ya wajumbe wake walikuwa wamekwisha kuvuka miaka 35, ukomo wa umri wa jumuiya yenyewe. Collen Malatji alikuja kuchaguliwa mwaka 2023.

Hesabuni wenyewe: kutoka Juni 2011 mpaka katikati ya mwaka 2023, miaka 12, kura za kumpata rais wa vijana zilipigwa mara moja tu. Katiba ya ANC inaipa jumuiya hiyo mamlaka ya kujiendesha, lakini ndani ya muundo wa chama na bila kanuni zake kupingana na katiba ya chama, na katika upenyo huo mdogo wa maneno mlipita kila kitu nilichokieleza. Karibuni.

Mchangiaji wa Tabora

Mwanangu mleta uzi, nimekusoma taratibu kwa sababu mambo haya nimeyaishi tangu enzi za TANU Youth League, na nina shaka na namna ulivyoyapanga. Kiongozi wa vijana wa chama tawala anasimama na kutangaza kwamba atasaidia kuiangusha serikali ya nchi jirani, nchi ambayo rais wake hukutana na rais wako kwenye vikao vya SADC, na wewe ulitaka chama kifanye nini? Kinyamaze, ili kesho balozi aitwe kujieleza? Kijana yule alisikilizwa, akakata rufaa, akasikilizwa tena. Sisi enzi zetu mtu aliweza kuvuliwa uanachama na kusikia habari yake redioni, akiwa amekaa nyumbani na chai yake mkononi.

Jumuiya si chama ndani ya chama. Ukisoma katiba ya CCM utaona UVCCM, UWT na Wazazi zimewekwa kuwa mikono ya chama, na ukienda Chadema utakuta Bavicha, Bawacha na Bazecha zimekaa vivyo hivyo chini ya chama chao. Mkono ukianza kumpiga mwenye mwili, mwenye mwili atautafutia dawa. Hayo ya nani alikuwa kambi ya nani yapo, wala siyakatai, lakini usiyafanye yaifute nidhamu.

Mchangiaji wa Eldoret

Shikamoo mzee wa Tabora, na hongera mleta uzi kwa kazi nzuri. Ningependa kuleta mfano wa Kenya, kwa kuwa sisi tulionyeshwa jambo hili likiwa uchi kabisa. Uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992 ulipokaribia, liliundwa kundi la Youth for KANU '92, maarufu kama YK'92, likiongozwa na Cyrus Jirongo, kwa ajili ya kumpigia debe Rais Moi. Lilikuwa na fedha nyingi kiasi kwamba noti mpya ya shilingi 500 ilibandikwa jina la Jirongo mitaani, na hata leo ukimwambia mtu wa rika langu "nipe Jirongo moja" atakuelewa. Moi alishinda Desemba ile, na muda si mrefu kundi likavunjwa.

Ninachotaka kusema ni kwamba YK'92 haikuwa na mgogoro wa uongozi wa kuandikia nyumbani, kwa sababu haikuwa na katiba wala uchaguzi. Hapakuwa na wajumbe wa kugombaniwa. Mwenye nalo alilifungua, mwenye nalo akalifunga. Kuna waliotoka humo wakapanda sana, akiwemo William Ruto aliyeingia bungeni mwaka 1997 na leo ni Rais, lakini walipanda kwa njia zao, wala hakuna jumuiya iliyobaki nyuma yao ambayo kijana mwingine angeipanda. Kwa hiyo mimi nawaonea wivu kidogo hao wa Afrika Kusini. Angalau walikuwa na kitu cha kuvunjwa.

Mleta uzi

Mzee wangu wa Tabora, shikamoo, na ahsante kwa kunibana. Nakubali kwamba kauli ya Botswana ilistahili kuitiwa kikao, na nakubali kwamba alisikilizwa kwa hatua zote. Naomba tu uzitazame tarehe. Mwaka 2008 kijana huyu huyu alisema hadharani kwamba wataua kwa ajili ya mgombea wao, na chama hakikuona kosa la nidhamu, kwa sababu maneno yale yalielekezwa kwa mahasimu wa Zuma. Mwaka 2010 alisema tu kwamba rais aliyepita alikuwa na nafuu, akapigwa faini. Ukilinganisha kauli hizo mbili, iliyo nzito ni ya kwanza, na iliyoadhibiwa ni ya pili. Nidhamu inayomtazama aliyeguswa badala ya kilichosemwa, mzee wangu, ni vigumu kumwambia kijana aiheshimu.

Ndugu wa Eldoret, umenipa kitu ambacho sikuwa nimekifikiria, nami nitakijibu kwa kisa changu mwenyewe. Niliwahi kuwa katibu wa tawi wa jumuiya ya vijana ya chama ambacho sitakitaja, katika kata ambayo pia itabaki bila jina. Tulikaa kikao halali, akidi ikatimia, tukachagua wajumbe 18 wa kwenda mkutano wa wilaya, na majina nikayaandika kwa mkono wangu kwenye daftari kubwa la kaunta, kila mmoja akaweka sahihi mbele ya jina lake. Siku ya mkutano tulifika ukumbini saa mbili asubuhi, tukakuta mlangoni pana karatasi iliyochapwa kwa kompyuta. Majina yalikuwa 18 vilevile, lakini 7 hayakuwa ya kwetu. Mmoja wa wale saba nilimfahamu kwa sura, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ametuleta na Coaster asubuhi ile. Nikamuuliza kwa upole, mwenyekiti wa tawi lako anaitwa nani? Aliniangalia, kisha akamwangalia mtu aliyesimama nyuma yangu, kama mwanafunzi anayesubiri kunong'onezewa jibu.

Nilikwenda kwa msimamizi na daftari langu kwapani. Hakulifungua. Alisema kwamba orodha imeshatoka juu, na kama nina malalamiko niandike barua. Niliandika. Nakala ninayo mpaka leo, ina muhuri wa "imepokelewa" na haijawahi kujibiwa.

Ndiyo maana habari ya Bloemfontein mwaka 2008 hainichekeshi kama inavyowachekesha wengine. Watu hukumbuka makalio, mimi nakumbuka zile siku zilizopotea katika uhakiki wa wajumbe. Mtu mzima hafikii kuvua suruali mbele ya kamera kwa sababu ya itikadi. Anafika hapo anapojua kwamba mlango wa kikao ndio uchaguzi wenyewe, na kwamba akishaukosa mlango, sanduku la kura litakuwa sherehe ya watu wengine.

Mchangiaji wa Mbeya

Naomba niongeze mambo mawili, nami ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo mtanisamehe. Mleta uzi amesema kura zilipigwa mara moja katika miaka 12. Mchukueni kijana aliyekuwa na miaka 24 mwaka 2011. Mkutano wa 2015 ulimkuta na miaka 28, na wa 2023 ulimkuta na 36, akiwa ameshavuka ukomo. Ujana wake wote wa kisiasa, ule ambao mtu hujifunza kuendesha kikao, kushindwa kura na kurudi nyumbani bila kuvunja kiti, ulikutana na uchaguzi mmoja wa taifa, nao ulikuwa na mgombea mmoja. Halafu tunashangaa anapofika chama kikubwa hajui kushindwa.

La pili, hakuna aliyelitaja. Tangu mwaka 1944 hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa kuwa rais wa Umoja wa Vijana wa ANC. Lakini jumuiya ilipokuwa imevunjika na inatafutwa mtu wa kuikusanya, mwaka 2019 aliteuliwa Tandi Mahambehlala, na kikosi kilipoundwa upya mwaka 2021 aliteuliwa Nonceba Mhlauli. Wote wanawake. Uchaguzi ulipokuwa tayari, akachaguliwa mwanamume. Kwetu huku tunaujua mgawanyo huo: ukumbi ukishachafuka, kina mama huitwa na mifagio.

Mchangiaji wa Tabora

Mwalimu, hilo la pili limenigusa, na sina la kulipinga. Mleta uzi, la mwaka 2008 nalo nalikubali. Ila umeacha kusema Malema alivyofanya alipopata chama chake mwenyewe. EFF ilianzishwa mwaka 2013, mwaka uliofuata ikapata viti 25 bungeni, na mpaka leo mwenyekiti wa maisha, samahani, kiongozi mkuu, ni yeye yule. Desemba 2024 alichaguliwa tena bila mpinzani. Shivambu, aliyesimamishwa pamoja naye, alishaondoka miezi michache kabla ya hapo na kwenda chama cha MK, ambacho Zuma ndiye kiongozi wake. Kwa hiyo aliyesimamishwa akiwa kambi iliyompinga Zuma alikuja kumfuata Zuma. Mimi kwa umri wangu nikasema, haya. Sasa wewe ungependekeza nini kibadilike, ukiacha kulalamika?

Mleta uzi

Mzee wangu, nina mambo mawili tu, na yote ni madogo. La kwanza, chama mama kikitaka kuivunja jumuiya, kiivunje, lakini katiba iandike siku: ndani ya siku 90 uchaguzi uwe umefanyika, na kikosi kazi chochote kikizidisha hapo, vikao vyake vihesabiwe batili. Machi 2013 mpaka Septemba 2015 ni miaka miwili na nusu. La pili, orodha ya wajumbe ifungwe mwezi mmoja kabla ya mkutano, ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya tawi, na jina lolote litakaloongezwa baada ya hapo lisihesabike hata kama limetoka juu namna gani.

Mchangiaji wa Tabora

La kwanza ninaliunga mkono. La pili, mwanangu, karatasi ya ukutani huchanwa usiku. Mwaka wetu ilichanwa saa mbili za usiku, mlinzi akiwa amekaa kwenye benchi pale pale chini yake.

Mleta uzi

Basi ziwe nakala tatu zenye sahihi, mzee wangu, moja ukutani, moja wilayani, na moja ibaki ndani ya lile daftari kubwa la katibu wa tawi. Na msimamizi alazimike kulifungua.